Vita vya Ghorofani

Tulimzika Sajini Obadia mvua ikitupiga mgongoni, na mimi, badala ya kulia kama wenzangu, nilikuwa nikimkodolea macho mtu mmoja aliyesimama ng'ambo ya kaburi akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa upande. Javan. Amezeeka vibaya. Mimi mwenyewe si kijana, lakini yeye uzee umemwingilia kwa fujo: meno ya mbele hayapo, na koti alilovaa lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye. Tulipomaliza kurusha udongo alikuja akanishika mkono, akaniuliza, "Petronila, bado unasomanga vitabu vya watu?" Nikacheka. Kitabu alichokuwa akinitania nacho ni kimoja tu, na mwaka tuliokisoma, katikati ya miaka ya tisini, mimi huuita mwaka wa vita, ingawa Kakamega nzima haikulia risasi hata moja. Wajukuu wakiniuliza nilijifunza wapi kompyuta, nawajibu nilijifunza vitani, nao hutazamana wakidhani nyanya yao ameanza kuchanganyikiwa. Sijawahi kuwaeleza vizuri. Labda ni kwa sababu hadithi yenyewe haina pa kushikilia, mtu anaingia nayo gizani na kutoka nayo gizani.

Habari za kwetu naziruka. Zilikuwa kama za kwenu. Nianzie kwenye chumba. Chuo cha kompyuta cha Sajini kilikuwa ghorofani, juu ya mashine ya kusaga mahindi, na aliyechagua mahali pale hakuwa amesikia kwamba kompyuta na vumbi haviivi chungu kimoja. Wateja wakijaa kule chini, sakafu ilitetemeka, kikombe cha chai kikatembea chenyewe mezani, na unga ukapanda kwenye nyufa za mbao hadi sote tukawa na nyusi nyeupe kama wazee. Kompyuta zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imekufa, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Ya pili Sajini aliachiwa na mzungu mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao, na ndani yake, pamoja na programu ya kupiga chapa, mlikuwa na mchezo wa vita. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba ndiko Sajini na mkewe, Mama Selina, walikoishi: kitanda, jiko la makaa, sufuria, na maneno yao yote, ambayo sisi tuliyasikia utadhani tumeambiwa wenyewe. Wanafunzi tulianza wengi. Wengine walipoona chuo ni mashine moja na mwalimu mkali, walikula kona, tukabaki wawili. Mimi nilibaki kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Mwenzangu alikuwa Javan, kijana wa Lugari mwenye mabega ya kubeba magunia na vidole ambavyo, sijui kwa nini, vilikuwa vyepesi kuliko vyangu kwenye kibodi.

Sajini alikuwa ametumikia jeshi katika kikosi cha mawasiliano. Alikuwa mfupi, mnyoofu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde hata akiomba chumvi. Kupiga chapa alikudharau waziwazi. Alisema hata kuku akitembea juu ya kibodi ataandika kitu. Kompyuta kwake ilikuwa mpangilio, na mpangilio ulikuwa vita. Siku aliyotufungulia mchezo ule Javan alivuta kiti akakunja mikono ya shati, maana sote tulikuwa tumeshaingia vibanda vya video na tulijua vita ni nini: ni mwanamume mmoja mwenye misuli na risasi zisizoisha. Kioo kikatuletea kitu kama sega la nyuki. Vijumba vya pembe sita vilikuwa vimebanana kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake vibandiko vidogo vyenye namba mbili mbili. Hapakuwa na moshi wala mtu. Tulingoja kianze kusogea, kisisogee.

"Vita iko wapi, Afande?" Javan akauliza.

"Si hiyo unaiangalia."

"Na watu?"

"Watu ni hizo namba."

Javan akasogeza uso karibu na kioo. "Sasa huyu wa nne na sita akikufa, tutajua aje?"

"Atakuwa tatu na sita," Sajini akasema. "Na mama yake hatapata habari."

Akatuacha nayo. Basi vingi kati ya vile vibandiko vilikuwa na mistari miwili iliyokatana kutoka pembe hadi pembe, yaani X. Sisi tulikuwa tumetoka shuleni juzi tu. X tuliijua vizuri mno. Ilikuwa ya wino mwekundu, na ilimaanisha umekosa, kaa chini. Hatukuulizana hata. Tuliona tu kwamba vile ni vikosi vilivyokosea vikafutwa, tukaviacha vilale pale vilipolala, tukachukua vile safi visivyo na X na kuvivusha daraja kwa madaha. Adui alivimaliza kabla hatujanywa chai. Sajini alipokuja kutazama, alisimama nyuma yetu, akauliza ni nani aliyetupa ruhusa ya kupeleka wapishi, makarani na mizinga mbele peke yao, na askari wa miguu wako wapi. "Hao wamekosea, Afande," Javan akamjibu kwa adabu, akimwonyesha X moja baada ya nyingine. Sajini akaketi juu ya kreti ya soda akajishika kichwa: jeshini X ndiyo alama ya askari wa miguu. Nyuma ya mbao Mama Selina alicheka mpaka mwiko ukamwanguka. Nami nilicheka. Leo nikikumbuka sicheki sana. Mwaka ule mji ulikuwa umejaa vijana wenye X, wameegemea kuta za maduka tangu asubuhi, na sisi wawili, tuliokuwa na X zetu, tuliziona za wenzetu kwenye kioo tukazipita bila kufikiri. Sajini alituamuru tuanze upya.

Tulianza upya mara nyingi kiasi kwamba nikiwa nimelala nilikuwa nikiziona pembe sita. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, kinene kama Biblia ya madhabahuni, na kwa kuwa masista wa Mukumu walinikaza Kiingereza hadi kikaingia, nikafanywa msomaji. Javan akawa mkono. Kila kanuni ilikuwa na "isipokuwa" yake, na kila "isipokuwa" ikawa na "ila" yake. Nilikuwa nikisoma ukurasa mzima juu ya mafuta ya vifaru, nafasiri, Javan anaitikia kwamba ameelewa, tunacheza, halafu inabainika kwamba hakuna kati yetu aliyeelewa hata neno. Kulikuwa na matope ya kuhesabiwa, uchovu wa kuhesabiwa, hata woga ulikuwa na namba. Lakini kilichotumaliza zaidi ni chakula. Tulikuwa tukisonga mbele, tunapongezana, tunatega masikio tusikie Sajini atasemaje, kisha zile namba zinaanza kupungua zenyewe bila adui kugusa mtu. Njaa. Tulikuwa tumewaacha watu wetu mbali na maghala, nao wakawa wanakwisha palepale waliposimama, kimyakimya, bila hata kutulaumu. Mama Selina alipitisha sinia kwenye mlango wake, obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, siku nyingine viazi vitamu na chai ya rangi, akisema, "Kuleni kwanza, hao wenu watangoja." Javan alikula akiwa amekipa kioo mgongo. Aliniambia anaona haya.

Ndani kwa Sajini tulisikia mengine. "Watoto wa watu umewaweka hapo kucheza mchezo," Mama Selina alikuwa akimwambia mumewe. "Watakula hiyo?" Sajini akajibu kwamba huo si mchezo, akataja jina la Habil. Bwana Habil alikuwa afisa katika kiwanda kimoja cha sukari, rafiki wa Sajini, na siku za soko alipanda ngazi zetu akihema kuja kula ingokho, kuku wa kwetu. Ni yeye aliyesema mezani, sote tukisikia, kwamba kiwanda kitaweka kompyuta kwenye mizani ya kupimia miwa na kitahitaji kijana wa kuishika. Sajini alirukia neno hilo kama aliyelingoja miaka. "Nitakupa mtu," akasema. "Mtu anayeweza kulisha jeshi atashindwa na trela za miwa?" Wakakubaliana, au mmoja alikubali na mwingine akaendelea kutafuna, kwamba kabla ya Krismasi Bwana Habil atakuja kujionea: vikosi vyetu vikiuteka mji ulio ng'ambo ya mto, Javan anaondoka na kazi. Mimi waliniangalia kidogo tu. "Ni kazi ya zamu," Habil akasema, "msichana haiwezi." Nikafungua ukurasa mwingine.

Tangu hapo Javan hakuwa yule mtu wa kutaniana. Alikuwa na msichana huko Malava, Jerida, na baba yake Jerida alikuwa amemwambia uso kwa uso kwamba kijana asiye na hati ya mshahara asimsalimie binti yake hata njiani. Javan naye, kwa moto wa ujana, alimjibu mzee kwamba ikifika Krismasi atamletea hiyo hati mkononi. Alinieleza hayo vidole vikiwa juu ya kibodi, macho kwenye mto wa bluu. "Nikikosa hii narudi kwa jembe," akaniambia, "na yule mzee hatanipa hata kiti." Nilimwambia tuangalie maghala. Ajabu ni kwamba kidogo kidogo tukaanza kuelewa, si kwa akili bali kwa kupigwa. Tuliramba sakafu mpaka tukajua kila ubao. Tukajifunza kuacha watu nyuma walinde njia ya chakula. Tukajifunza kungoja. Kufikia mvua za mwisho wa mwaka vifaru vyetu vilikuwa vimefika darajani, vimeshiba, na adui amekonda. Mara ya kwanza mwaka ule niliona Sajini akitabasamu, akajifanya anafuta miwani.

Mtu wa Kakamega hahitaji kuelezwa habari za radi. Kila alasiri wingu lilipanda kutoka upande wa msituni, na likinguruma mara ya kwanza tu Sajini alichomoa waya ukutani, vita ikome ilipofika, kesho yake tuanze upya, kwa kuwa radi ilikuwa ndiyo iliyoua ile mashine ya kwanza. Kuhifadhi vita kwenye diski tulikuwa tukikuogopa: diski tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, mgonjwa, siku nyingi ilikataa kuandikwa, na jeshi lililokuwa ndani yake lilikuwa bado lile la zamani, la njaa. Kwa hiyo siku aliyokuja Bwana Habil tuliketi kwenye mashine asubuhi na mapema ili tumalize kabla ya mvua, na kwa wiki hiyo nzima Sajini alikuwa ameiacha mashine ikiwaka, akilala karibu nayo kama mtu anayemuuguza ndama, na mawingu, kwa kutuonea huruma, yakapita kando. Habil alikaa nyuma yetu akichokonoa meno. Daraja lilikuwa wazi. Vilibaki vifaru kukimbia kwa barabara hadi mjini, na kwa hilo palikuwa na amri yake, Road, ukibonyeza R, kikosi kinaacha kupigana na kushika njia. Kwenye orodha hiyohiyo palikuwa na Load, ukibonyeza L, ya kuirudisha vita iliyohifadhiwa. Anga likafanya weusi ghafla. Radi ikanguruma. Sajini akaenda kushika waya. "Malizeni!" akasema. Nikasema, "Road." Javan, kidole kikiwa hewani, akaniuliza, "Load?" Nikamjibu, "Ndio, Road."

Watu wa pwani wakisoma hapa watanicheka. Kwetu herufi hizo mbili ni ndugu wanaoazimana nguo. Mmoja anasema hii, mwingine anasikia ile, na kwa kawaida hakuna anayedhurika, maana mchele hata ukiitwa mchere utaiva. Mashine ikauliza kama tuna hakika. Ilikuwa na tabia ya kuuliza, nasi tulikuwa tumezoea kuikubalia ili itupishe. Javan akabonyeza. Kioo kikafumba na kufumbua, daraja likawa tupu, na mbali kule nyuma, kwenye matope ya miezi iliyopita, wakatokea watu wetu wale wa zamani, mbili na sita, moja na sita, wamekaa mbali na maghala wakifa njaa. Nilikuwa nimeshika kitabu wazi kwenye ukurasa sahihi. "Ndio imeisha?" Bwana Habil akauliza. "Imeisha," Sajini akajibu, akachomoa waya. Javan alisimama akarudisha kiti mahali pake vizuri, akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua bila koti. Sinia lake halikuguswa.

Mimi nilibaki kukusanya vikombe, kwa hiyo niliyasikia yaliyosemwa nyuma ya mbao, neno kwa neno. Habil alikuwa amekwenda kuketi kwenye chakula. "Afadhali imekuwa hivyo," akasema, "maana nilikuwa nawaza nitakwambia aje. Ile nafasi ilishapata mtu. Mpwa wa mkubwa. Alianza tangu wakati wa kupanda mahindi." "Tangu wakati wa kupanda," Sajini akarudia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "na umekuwa ukija hapa kula kuku wangu." Habil akasema angeulizwa angesema. Nikasikia Mama Selina akiiondoa sahani mbele ya mgeni, na mgeni akasema bado hajamaliza, na sahani haikurudi. Nilikimbia hadi stendi na viatu mkononi. Gari la Lugari lilikuwa limekwenda, na simu hatukuwa nazo. Mwaka mpya chuo hakikufunguliwa. Nilipata kazi ya kupiga chapa Kisumu, ile ile ambayo hata kuku angeiweza, na nikasikia kwa watu kwamba Javan anakata miwa upande wa Butali, na kwamba Jerida alitoroka kwao akamfuata. Nilimtumia salamu tu. Habari kama ile haitumwi kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikajiambia ameshasahau.

Hakuwa amesahau. Baada ya mazishi tuliketi hemani na sahani zetu, na akaniita niketi naye. "Jerida, huyu ndiye aliyekuwa akisoma kitabu," akamwambia mkewe, mwanamke mwembamba mwenye makovu ya majani ya miwa mikononi, aliyenisalimia kwa magoti nusu. Kisha Javan akawageukia waombolezaji wa meza ile na kuanza kusimulia, kwa ustadi wa mtu aliyesimulia maisha yake yote: daraja, radi, Habil na kijiti chake cha meno. Akainua kidole. "Ni hiki," akasema. "Hiki ndicho kilininyima kazi. Saa hii ningekuwa mzee wa pensheni." Watu wakasikitika kama inavyopasa. Nilivumilia nikashindwa. Niliona ni dhuluma Javan naye aje kuzikwa na kosa ambalo si lake, nikamwinamia, nikamwambia taratibu yote niliyosikia nyuma ya mbao: mpwa wa mkubwa, wakati wa kupanda, sahani. Nikamwambia hata tungeuteka ule mji na miji yote ya dunia ile, hapakuwa na kazi.

Javan aliacha kutafuna. Alinitazama bila hasira.

"Nani mwingine alisikia?"

"Mimi tu. Wenyewe wote wamekufa."

"Basi iache, Petronila," akasema. "Mimi nimekata miwa miaka hii yote nikiwa mtu aliyepoteza kazi kwa kidole kimoja. Huyo namjua, nimemzoea. Huyu unayeniletea leo, ambaye hakuwa amewekewa kitu chochote, nitamweka wapi na uzee huu?"

Nilimtazama Jerida, nikitumaini hakusikia, lakini alikuwa amesikia kila neno.

"Kazi ilikuwepo, mama," akaniambia bila kuinua macho, kwa heshima, kama anayemrekebisha mgeni. "Mimi nilitoka kwetu kwa kuwa hiyo kazi ilimponyoka kwa kidole tu."

Akamwongezea mumewe mchuzi. Nami nikasema labda nilisikia vibaya.